Je, Wajua? Bafu Lako Lina Mwanga Kuliko Sebule

Je, wajua kwamba chumba chenye mwanga mkali kuliko vyote nyumbani mwako huenda ni bafu? Chukua balbu moja ya LED ya wati 9, inayotoa lumeni zipatazo 800. Ifunge sebuleni, kwenye chumba cha mita za mraba 20, na ukigawanya utaona kila mita inapata lumeni 40. Ihamishie bafuni, kwenye mita za mraba 3, na kila mita inapata zaidi ya 260. Hapo hatujahesabu vigae vyeupe, ambavyo hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaovipiga. Sebule ina mapazia, makochi, zulia na kabati la mbao, na vyote hivyo vinakula mwanga. Bafu halina cha kuula. Ndiyo maana fundi akikufungia balbu za aina moja nyumba nzima, bafu ndilo litakalokuumiza macho saa kumi usiku.

Je, wajua kwamba wati hazipimi mwanga? Wati ni kipimo cha umeme unaotumika. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni. Zamani hilo halikutusumbua, kwa sababu balbu zote zilikuwa za waya unaowaka, na kila mtu alijua wati 40 ni za chumbani na wati 60 ni za sebuleni. Balbu ile ya wati 60 ilitoa lumeni zilezile 800. Zikaja enaji seva za kujipinda, ambazo kwa wati 18 zilitoa lumeni elfu moja na kidogo. Sasa mtu aliyezoea kusema “nipe ya 18” anaenda dukani anapewa LED ya wati 18, yenye lumeni 1,600 au zaidi, anaifunga bafuni na kushangaa kwa nini kuta zinang'aa hivyo. Ameongeza mwanga kwa zaidi ya nusu bila kukusudia. Kwa maoni yangu, hiki ndicho chanzo kikubwa cha mabafu yetu kuwa makali, na dawa yake haina gharama: geuza boksi, tafuta idadi ya lumeni, nunua kwa hiyo.

Mshumaa mmoja, kwa kulinganisha, hutoa lumeni kama 12.

Je, wajua kwamba jicho halihesabu mwanga kama mita ya umeme inavyohesabu umeme? Mwanasaikolojia S. S. Stevens wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba ung'avu tunaouona hupanda na kushuka polepole zaidi kuliko mwanga wenyewe. Kwa kipimo chake, ukipunguza mwanga hadi nusu, jicho linaona kama umebaki karibu nne ya tano. Ili bafu lionekane nusu ya ung'avu wa awali, mwanga halisi unatakiwa ushuke hadi karibu moja ya nane. Hii ni habari njema kwa anayetaka kuokoa umeme: toa LED ya wati 18, weka ya wati 9, na baada ya siku mbili hakuna mtu ndani ya nyumba atakayekumbuka kwamba kitu kimebadilika. Ni habari ya kuzingatia pia kwa anayelalamikia ukali, maana kupunguza kidogo hakutamsaidia. Inabidi ashuke sana, mpaka wati 4 au 5, ndipo macho yatulie.

Wangapi wanajua kwamba madari ya jipsamu nayo yamechangia ukali wa mwanga bafuni? Bafu lililokuwa na balbu moja ya katikati sasa lina taa nne au sita zilizozamishwa darini. Nne za wati 7 kila moja zinakaribia lumeni 2,400 kwenye chumba ambacho mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Na kwa kuwa ziko juu ya kichwa, zinamulika paji la uso na pua, zikiacha vivuli chini ya macho na kidevu. Anayenyoa ndevu au kujipaka vipodozi anahitaji mwanga unaotoka pande mbili za kioo, usawa wa uso. Taa mbili ndogo za pembeni zinamfaa kuliko sita za darini, kwa theluthi moja ya umeme. Ukijenga, mwambie fundi atenganishe swichi: ya kioo peke yake, ya dari peke yake. Waya wa ziada ni mita chache tu wakati ukuta bado haujapigwa lipu; baada ya vigae kubandikwa, kazi hiyohiyo inakuwa ya kuvunja.

Ndugu walioko Marekani wanakutana na jambo hili kwa sura nyingine. Nyumba nyingi za huko zina mstari wa balbu sita wazi juu ya kioo cha bafuni. Zikiwa za zamani, za wati 60, mstari huo unakula wati 360 na kuchemsha uso wa anayejitazama. LED sita za wati 5 zinafanya jumla ya wati 30, na mwanga bado unazidi.

Je, wajua kwamba kufungua balbu moja na kuiacha holda tupu bafuni ni hatari? Wengi hufanya hivyo kupunguza mwanga, na kwa hesabu ya umeme wako sahihi. Lakini holda tupu ina vyuma vilivyo wazi, mvuke unapanda, na siku moja mtu mwenye mikono mibichi atapapasa gizani. Weka balbu ndogo zaidi, au mwite fundi aifunge njia ile. Wala usifunike balbu kwa karatasi au kitambaa. Kioo cha balbu ya zamani ya wati 100 kinaweza kupita nyuzi joto 200 za selsiasi, na LED nayo, ingawa haichomi hivyo, huharibika mapema ikikosa hewa ya kupoza sehemu yake ya chini.

Ndiyo sababu hiyohiyo ya mikono mibichi inayofanya swichi ya bafu iwekwe nje ya mlango. Utaratibu huo tuliupokea kutoka kanuni za umeme za Uingereza, ambako swichi ikiwa ndani ni ya kuvuta kwa kamba. Kwa taa iliyo karibu na bomba la kuogea, tafuta alama ya IP44 kwenye boksi: tarakimu ya pili, 4, ndiyo inayosema kwamba taa inavumilia kurushiwa maji.

Sasa tuingie kwenye usingizi, kwa sababu hapa ndipo mwanga wa bafuni unapotugharimu zaidi ya fedha.

Je, wajua kwamba jicho lako lina seli ambazo kazi yake kubwa ni kuuambia mwili ni saa ngapi? Mwaka 1998 Ignacio Provencio na wenzake walitangaza kwamba wamepata kwenye ngozi ya chura kemikali inayohisi mwanga, wakaiita melanopsini. Miaka 4 baadaye, David Berson wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, akaonyesha kwamba ndani ya retina zipo seli zinazohisi mwanga zenyewe, bila kutegemea zile tunazozijua za kuonea rangi na za kuonea gizani. Seli hizo huitikia zaidi mwanga wa buluu. Zikiupata, ubongo unaarifiwa kwamba kumekucha, na utoaji wa melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, unazuiwa.

Taa nyeupe ya LED, kwa asili yake, ni taa ya buluu. Ndani yake mna kipande kidogo kinachotoa mwanga wa buluu, kimefunikwa kwa unga wa njano. Rangi hizo mbili zikichanganyika jicho linaona nyeupe. Waliofanikisha LED ya buluu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Mwaka 2017 Nobel ya Tiba ikaenda kwa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliogundua namna saa ya ndani ya mwili inavyofanya kazi. Uvumbuzi wa kwanza umetuletea mwanga wa bei nafuu, na wa pili unatueleza kwa nini tuuzime mapema.

Mwaka 2011 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya watu 116 waliokaa jioni kwenye mwanga wa kawaida wa chumbani, usiofika luksi 200, wakilinganishwa na walipokaa kwenye mwanga hafifu usiofika luksi 3. (Luksi 1 ni lumeni 1 iliyotandazwa kwenye mita 1 ya mraba.) Mwanga ule wa kawaida ulichelewesha melatonini kwa karibu wote na kufupisha muda wake kwa kama dakika 90. Ni kweli kwamba wao walikaa kwenye mwanga huo saa nyingi, na dakika 5 za kupiga mswaki hazilingani na hizo. Lakini angalia mpangilio wa jioni zetu: mtu anazima televisheni, anazima taa ya sebuleni, kisha kituo chake cha mwisho kabla ya kitanda ni chumba chenye luksi nyingi kuliko vyote nyumbani. Mwaka 2022 kundi la wanasayansi wa nchi mbalimbali, wakiongozwa na Timothy Brown wa Manchester, lilipendekeza kwamba katika saa 3 kabla ya kulala mwanga unaofika jichoni usizidi luksi 10, kwa kipimo kinachozingatia seli hizo za melanopsini. Bafu la wati 18 linavuka kiwango hicho mara nyingi.

Je, wajua maana ya herufi K kwenye boksi la balbu? Ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga. Balbu ya 2,700K ni ya njano-njano kama ile ya waya. 4,000K ni nyeupe tulivu. 6,500K ni nyeupe iliyoelekea buluu, na ndiyo iliyojaa madukani kwetu kwa sababu wanunuzi wengi wanaiona “inawaka zaidi”. Kwa karakana au duka la dawa, sawa. Kwa bafu litumikalo usiku, chukua 2,700K au 3,000K. Wadudu nao hufuata zaidi mwanga mweupe wenye buluu, kwa hiyo msimu wa kumbikumbi dirisha lenye taa ya njano lina ahueni. Na kwa wenye nyumba na hoteli zinazotazama bahari, Watamu nchini Kenya kwa mfano, ambako kasa hutaga, jambo hili ni la uhai: vitoto vya kasa vikitoka mchangani hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari, na taa nyeupe ya dirishani inaweza kuvigeuza vikaelekea bara.

Baada ya kuzima taa, jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu. Kuwasha taa kali kwa nusu dakika kunavuruga kazi hiyo yote, na anayerudi kitandani anatembea kama asiyeona. Seli za kuonea gizani karibu hazihisi mwanga mwekundu; ndiyo maana mabaharia na watazama nyota hutumia taa nyekundu.

Hili linawahusu wazee kuliko wote. Je, wajua kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha hadi kwenye retina kama theluthi moja tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa miaka 20? Mboni hupungua, lenzi hugeuka manjano. Bibi anahitaji mwanga zaidi ili aone ukingo wa ngazi ya choo, na papo hapo mwanga mkali unaoruka kutoka kwenye vigae unamsumbua kuliko unavyomsumbua mjukuu, kwa sababu lenzi yake inautawanya. Kumwekea balbu kubwa darini ni kumtatulia shida moja na kumwongezea nyingine. Kinachomfaa ni taa ndogo ya njano iliyofungwa chini, usawa wa goti, ikimulika sakafu kuanzia mlango wa chumba chake mpaka chooni, na iwake usiku kucha. Taa ya namna hiyo ya nusu wati, ikiwaka saa 10 kila usiku kwa mwaka mzima, inakula uniti zisizofika 2. Kuanguka bafuni usiku ni jambo linalovunja nyonga za wazee wetu. Uniti 2 kwa mwaka si kitu cha kuhesabu. Kama nyumbani kwako kuna mzee na utafanya jambo moja tu kati ya yote niliyoyaandika hapa, fanya hili.

Je, wajua kwamba hamamu ya Kidichi, Unguja, iliyojengwa mwaka 1850 na Sayyid Said kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi, haikuhitaji taa mchana? Hamamu za namna hiyo huangaziwa na matundu ya kubani, mwanga ukashuka laini juu ya kuta nyeupe. Wajenzi wale waliupata utulivu ule tunaoutafuta leo kwa swichi.

Kwa asiye na kuba, lipo bati la plastiki linalopitisha mwanga, au chupa. Mwaka 2002 Alfredo Moser, makanika wa Uberaba, Brazil, alijaza maji kwenye chupa ya plastiki ya lita 2, akaongeza dawa kidogo ya kung'arishia nguo ili maji yasiote ukijani, akaitumbukiza kwenye tundu la paa, nusu juu nusu ndani. Jua la mchana likipita kwenye maji hutawanyika chumba kizima kama balbu ya wati 40 hadi 60. Mbinu hiyo imefika mpaka Tanzania. Choo cha nje chenye giza mchana hakina sababu ya kuwashiwa taa.

Je, wajua kwamba swichi inayojizima yenyewe kwa kuhisi mwendo wa mtu inafaa chooni kuliko bafuni? Inahisi joto la mwili linalosogea, na pazia la bafu linaizuia. Mtu aliyejaa sabuni usoni hastahili kuzimiwa taa.

Je, wajua kwamba Machi 2022, kwenye mkutano wa Mkataba wa Minamata kule Bali, nchi za Afrika ndizo zilizobeba hoja ya kuondoa balbu zenye zebaki? Enaji seva ndogo zikawekewa kikomo cha mwaka 2025, na mkutano wa Geneva wa 2023 ukaweka taa za tyubu kwenye orodha, zikome ifikapo mwaka 2027. Zile zilizobaki majumbani bado zina miligramu chache za zebaki. Ikikuvunjikia bafuni, fungua dirisha, toa watoto, na uzoe vipande kwa karatasi ngumu, si kwa mikono.

Na je, fedha? Niseme ukweli: taa ya bafuni ikishakuwa LED, akiba yake ni ndogo. Kutoka wati 18 hadi 5, kwa saa 3 kwa siku, ni kama uniti 1.2 kwa mwezi. Kwa kiwango cha T1 cha TANESCO, Sh292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hiyo ni kama Sh350. Anayeacha LED ya wati 9 ikiwaka saa 10 kila usiku anapoteza uniti 2.7 kwa mwezi. Mambo hubadilika ukiwa bado na balbu ya waya ya wati 60, kwa sababu hiyo hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa joto. Nyumba milioni moja zikibadilisha balbu moja kama hiyo kwa LED ya wati 9, jioni zikiwaka pamoja, gridi inapumzishwa megawati 51. Kwa kulinganisha, mitambo ya kufua umeme ya Hale na Nyumba ya Mungu ikijumlishwa ina uwezo wa megawati 29.

Mlaji mkubwa wa umeme bafuni ni maji ya moto. Hita inayochemsha papo hapo juu ya kichwa cha bafu, ile iliyoenea Nairobi, Arusha na Mbeya ambako maji ya asubuhi ni ya baridi kweli, huvuta wati 4,500 hadi zaidi ya 5,500. Chukua 5,000. Kuoga dakika 10 ni uniti 0.83, umeme ambao ungeiwasha LED ya wati 9 kwa saa 92. Familia ya watu 5, kila mmoja dakika 10 kwa siku, inafikisha uniti 125 kwa mwezi kwa hita pekee. Kundi la D1, linalolipa Sh100 kwa uniti, ni la wateja wa majumbani wasiozidi uniti 75. Hita inamtoa mtu kwenye kundi hilo hata kabla hajapiga pasi. Wakioga dakika 5 badala ya 10, wanaokoa uniti 62 na nusu, zaidi ya Sh18,000 kwa bei ya T1.

Uniti moja ina uwezo wa kupandisha joto la lita 43 za maji kwa nyuzi 20. Ndoo ya lita 20, kutoka nyuzi 22 hadi 40, inahitaji uniti 0.42 tu. Kama hita yako ni ya tangi la lita 50 na la wati 2,000, saa moja na dakika chache zinatosha kulifikisha nyuzi 60. Kuliacha likiwaka usiku kucha ni kulipia joto linalotoroka kwenye kuta za tangi. Na kwa mkazi wa Dar es Salaam ambaye simtanki lake jeusi liko juani mchana kutwa: oga jioni, maji yameshapashwa bure.

Basi, kabla ya kuoga leo, soma namba ya wati iliyobandikwa ubavuni mwa hita yako, kisha soma ya balbu iliyo juu yake. Balbu ibadilishe kwa ajili ya macho na usingizi wa watu wa nyumbani mwako. Kwa ajili ya LUKU, punguza dakika za maji ya moto.